Wanafunzi Wameongezeka Mlimani. Muda wa Kutafiti Je?

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kujitawala, chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza kazi ndani ya jengo la chama cha TANU, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi 14. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Leo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanafunzi zaidi ya 30,000. Kina ndaki, shule kuu na taasisi ambazo hata mwenyeji wa Mlimani, kampasi yake kuu, hawezi kuzitaja zote bila kusita, kina vyuo vishiriki vya elimu Chang'ombe na Iringa, na kina taasisi ya bahari Zanzibar. Ukitazama idadi peke yake, hii ni safari ya kujivunia, nami naionea fahari.

Ila chuo hiki hakijitambulishi kwa idadi. Katika mipango yake kimejipa utume wa kuwa chuo kikuu cha utafiti. Mwaka 2015, vyuo vinavyotilia mkazo utafiti barani Afrika vilipounda umoja wao, ARUA, huko Dakar, Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa waasisi, pamoja na Makerere na Nairobi. Kwa hiyo ni haki kukipima kwa kipimo kilichojichagulia chenyewe. Chuo cha utafiti huishi kwa vitu viwili ambavyo havimo kwenye jedwali la udahili: muda wa wanataaluma wake wa kufuatilia maswali yao wenyewe, na fedha za kuyafuatilia zisizotoka kwa mtu mwenye maswali yake. Hivyo viwili havikukua pamoja na idadi ya wanafunzi. Hapo ndipo penye tatizo.

Tuanzie kwenye utume. Chuo kilianza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kati ya 1963 na 1970 kilikuwa mojawapo ya vyuo vitatu vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo na Pius Msekwa Makamu Mkuu wa kwanza. Nchi ilikuwa na uhaba wa kutisha wa wasomi, na chuo kilitakiwa kuujaza: mahakimu, wahandisi, walimu, madaktari, maofisa mipango. Mwanafunzi alisomeshwa na serikali kwa sababu serikali ilimhitaji kesho yake asubuhi. Ndiyo maana tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere aliwarudisha makwao, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwake, aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima hakuwa na haki ya kupanga bei ya utumishi wake.

Pamoja na uzito huo wa kuzalisha watumishi, chuo kile kidogo kilitafiti, tena kwa namna ambayo hadi leo sijaona mfano wake bora zaidi. Mwaka 1968 Idara ya Historia, ikiongozwa katika kazi hiyo na John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hawakuwa wasaidizi wa kubeba madaftari. Waliuliza, waliandika, walilinganisha masimulizi ya kijiji kimoja na kingine, na karatasi zao zikakusanywa kuwa hazina ambayo mwanahistoria yeyote wa kusini mwa Tanzania lazima aipitie. Wazee wale wengi walifariki muda mfupi baadaye. Kama chuo kingesubiri kipate maprofesa wa kutosha, sauti zile zingezikwa pamoja na wenyewe. Kufundisha na kutafiti vilikuwa kazi moja, na iliwezekana kwa sababu mwalimu aliwajua wanafunzi wake kwa majina.

Miaka hiyohiyo Walter Rodney alifundisha Mlimani, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa mchapishaji wa Dar es Salaam na wa London. Terence Ranger na Isaria Kimambo walikuwa wakijenga upya historia ya nchi kutoka ndani. Issa Shivji aliandika akiwa bado kijana. Mahmood Mamdani akaja kufundisha. Sisemi enzi hizo zilikuwa pepo. Jarida la wanafunzi la Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970, na mwaka 1978 wanafunzi walifukuzwa kwa kuandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya viongozi. Lakini Dar es Salaam ilikuwa mahali ambapo maswali yalizaliwa. Wasomi wa mbali walikuja kusikiliza Mlimani inabishana kuhusu nini.

Kisha ikaja njaa. Uchumi ulianguka mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 Benki ya Dunia ikashikilia kwamba fedha za elimu Afrika zina faida kubwa zaidi zikiwekwa shule ya msingi kuliko chuo kikuu. Hoja hiyo ilikuwa na sehemu ya ukweli, lakini madhara yake kwa vyuo yalikuwa makubwa. Ajira mpya za wahadhiri zilibanwa, majarida yakaacha kuja maktaba, vifaa vya maabara vikaharibika bila kutengenezwa, na wahadhiri wakaenda Botswana, Lesotho na kwingineko kutafuta mshahara wa kulisha familia. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa mgogoro wa wanafunzi na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa bado na wanafunzi chini ya 5,000, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 20.

Kwa hiyo upanuzi uliofuata ulikuwa wa lazima. Chini ya Matthew Luhanga, aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo tangu 1991 hadi 2006, chuo kiliingia kwenye mpango wa mageuzi, kikaanza kudahili wengi zaidi na wanaojilipia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005 na kufungua mlango kwa watoto ambao wazazi wao wasingeweza kamwe kulipa ada. Kila aliyepita Mlimani baada ya hapo anajua bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo huo, linapochelewa hali inavyokuwa, na anajua pia kwamba bila bumu hilo asingefika. Shule za kata zilizojengwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zilimwaga wahitimu wengi wa sekondari, na hao walihitaji walimu. Ndiyo sababu vyuo vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa (Iringa) vilianzishwa mwaka 2005. Mwaka 2017 yakafunguliwa mabweni mapya ya majengo 20, yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, na mwaka 2018 maktaba kubwa iliyojengwa kwa fedha za China, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Kubebana vyumbani hakukwisha, lakini kulipungua makali.

Kila hatua kati ya hizo naiunga mkono. Kijana wa Namtumbo au Kibondo ana haki ya kiti Mlimani sawa na mtoto wa Oysterbay. Ninacholalamikia ni kwamba viti viliongezwa na muda wa mwalimu ukaachwa ujitafutie.

Tuchukue somo moja la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 400, jambo la kawaida katika kumbi za mihadhara za Yombo. Baada ya mitihani ya mwisho wa muhula, vitabu vya majibu 400 vinafika mezani kwa mhadhiri. Akitumia dakika 15 kwa kila kimoja, na hizo si nyingi kwa mtihani wa insha, anahitaji saa 100. Hiyo ni zaidi ya siku 12 za kazi ya saa nane bila kufanya kitu kingine, kwa somo moja tu, na wengi wana zaidi ya somo moja. Hapo hatujahesabu majaribio ya katikati ya muhula, insha, sapu za walioanguka, rufaa za walioona wameonewa, wala kuingiza alama kwenye mfumo. Semina nazo: ukiwagawa wanafunzi hao katika makundi ya 25 unapata makundi 16 kila wiki. Kwa kuwa haiwezekani, kundi linakuwa la 40 au 50, anayejua kusema anasema, wengine wanasubiri madesa, yaani notsi za kunakili. Mwanafunzi aliyezoea kupiga msuli wa madesa hawezi kupelekwa kijijini akafanye kazi waliyofanya vijana wa 1968, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kumfundisha kuuliza.

Mhadhiri huyo anasubiriwa pia na kupandishwa cheo, ambako hakutegemei saa 100 za kusahihisha bali makala zilizochapishwa. Kwa hiyo anaandika usiku, anaandika haraka, na mara nyingi anaandika kuhusu data iliyokwisha kukusanywa na mtu mwingine. Ni watu hodari hawa. Wamebebeshwa kazi tatu, na ni moja tu iliyowekewa ratiba.

Kwenye shahada za juu hali inaonekana kwa karibu zaidi, na kwangu huko ndiko moyo wa chuo cha utafiti ulipo, kwa kuwa mtafiti mpya anatokea kwenye uzamivu. Mtazame mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kujua kwa nini wakulima wa ufuta wa Lindi hawaridhiki na mnada. Andiko lake la utafiti linapita idarani, linarudi, linapita ndaki, linarudi tena. Anapewa barua ya kibali iliyosainiwa kwa mamlaka ya Makamu Mkuu wa Chuo. Barua hiyo anaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anampa nyingine ya kwenda wilayani. Wilaya inampa ya mtendaji wa kata. Mtendaji anampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, na hapo ndipo anapokutana na mkulima wa kwanza. Utaratibu huo una sababu zake na si mbaya wenyewe. Tatizo ni kwamba anaupita kwa nauli yake, akiwa na familia mjini na mara nyingi ajira nyingine inayomsubiri, na msimamizi wake ni yuleyule mwenye vitabu 400 mezani. Sura ya tatu ya tasnifu inakaa miezi kwa msimamizi, mwanafunzi anaona aibu kupiga simu, mwaka unapita. Wengine humaliza wakiwa wamechoka mno kuendelea kutafiti, wengine hawamalizi kabisa. Yule wa shahada ya kwanza akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, jina lake linatokea kwenye takwimu siku hiyohiyo. Huyu wa uzamivu hupotea bila tangazo.

Wahadhiri wengi wa kizazi cha kati waliepuka shimo hilo kwa msaada wa nje, na hapa lazima Sweden itajwe kwa heshima. Kuanzia miaka ya 1970 ilisaidia utafiti nchini kwa miongo kadhaa, na Mlimani ilinufaika sana: wahadhiri walisoma uzamivu kwa kugawana muda kati ya Dar es Salaam na vyuo vya Sweden, maabara zikapata vifaa, maktaba ikapata majarida. Bila msaada huo sehemu kubwa ya sayansi ya Mlimani isingekuwepo. Hata hivyo, chuo ambacho uzamivu wake unategemea bajeti inayopitishwa na bunge la nchi nyingine kimeweka moyo wake mahali kisipoweza kuulinda. Serikali ikibadilika Stockholm, mwanafunzi wa kemia Dar es Salaam anaweza kukosa kemikali za majaribio.

Mwanya huo ndio unaojazwa na ushauri wa kitaalamu wa kulipwa. Shirika linakuja na hadidu za rejea, maswali yakiwa yameshaandikwa. Linataka ripoti baada ya wiki sita. Linalipa vizuri kuliko mshahara. Mhadhiri mwenye watoto shuleni atakataaje? Mamdani, baada ya kurudi Makerere, aliandika kwa ukali kuhusu utamaduni huu wa washauri unavyokula utafiti vyuoni kwetu, na namuunga mkono. Ripoti ya ushauri hujibu swali la aliyelipa, kisha hufungiwa kabatini kwake. Utafiti huanza kwa kulikataa swali lililoletwa na kutafuta lililo nyuma yake.

Makerere hiyohiyo inatuonyesha kuwa njia ipo. Mwaka 2019 serikali ya Uganda ilianza kuipa mfuko wa utafiti na ubunifu wa shilingi za Uganda bilioni 30 kwa mwaka, fedha za walipa kodi, zinazogombewa na wanataaluma kwa maandiko yao wenyewe. Kwa viwango vya vyuo vya dunia hiki ni kiasi kidogo. Lakini ni fedha za ndani, na swali linatoka kwa mtafiti. Mlimani nayo imeanza kutenga fedha zake za ndani za ushindani kwa watafiti na kila mwaka hufanya wiki ya utafiti na ubunifu ambapo kazi hizo huonyeshwa hadharani. Ni hatua ya kweli, inayostahili kupewa mara kumi ya fedha zilizopo, na serikali ndiyo yenye wajibu huo. Nchi za Afrika zilikubaliana zamani kutumia asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Ahadi hiyo haijazaa mfuko wa uhakika ambao idara inaweza kupanga nao miaka mitano mbele.

Vipi kuhusu ufanisi? Kila mwaka orodha za ubora wa vyuo duniani zinapotoka, mitandaoni hufanyika mazishi ya Mlimani. Kabla ya kulia ni vizuri kujua kinachohesabiwa. Katika orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003, asilimia 30 ya alama hutokana na tuzo za Nobel na medali za Fields walizopata wahitimu na wanataaluma wa chuo, na asilimia 20 nyingine hutokana na makala katika majarida mawili, Nature na Science. Hakuna mahali pa kuhesabu mkulima aliyenufaika. Orodha nyingine zina vigezo tofauti, lakini nyingi huhesabu makala zilizomo kwenye hifadhidata za kimataifa, ambazo karibu zote ni za Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hiki ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kitabu hicho kimekaa mezani kwa kila mhariri, mwalimu na mtafsiri wa Afrika Mashariki kwa miongo minne, na katika orodha hizo hakina alama ya kutajika. Majarida ya Mulika na Kiswahili, yanayotoka chuo hikihiki, yanasomwa na watu wengi wanaoyahitaji, na bado mhadhiri anashauriwa apeleke makala yake nzuri nje.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Zanzibar. Katika miaka ya 1970 na 1980 Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitafiti mwani wa pwani yetu na kushikilia kwamba unaweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani. Wengi walioingia walikuwa wanawake, na kwa wengi wao zilikuwa fedha za kwanza kuzishika bila kuomba kwa mtu. Baadaye bahari ikapata joto, na ile aina yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, ikaanza kufa kwenye maji ya kina kifupi. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari akafanya kazi na wakulima wenyewe kujaribu nyavu za mirija kwenye maji yenye kina kirefu na baridi zaidi. Wanawake waliozoea kulima maji yakipwa walilazimika kujifunza kupanda mashua. Aidha, wakasaidiwa kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine za mwani badala ya kuuza ukiwa mkavu peke yake. Tangu swali la kwanza la Mshigeni hadi mirija ya Msuya ni zaidi ya miongo mitatu. Hakuna hadidu za rejea za wiki sita zingefika huko. Utafiti wa namna hiyo unahitaji taasisi iliyokaa mahali pamoja, watu wanaoijua bahari hiyo kwa miaka, na mtu wa kuwalipa wakati jibu bado halijapatikana.

Nikiulizwa kifanyike nini, jibu langu litawaudhi wengine. Mlimani iache kukua kwa shahada ya kwanza. Mwaka 1961 chuo hiki kilikuwa chuo kikuu pekee nchini. Leo kuna Sokoine tangu 1984, Chuo Kikuu Huria tangu miaka ya 1990, Mzumbe, Dodoma tangu 2007, Ardhi na Muhimbili ambavyo vilikuwa sehemu yake, na vingine vingi vya umma na binafsi. Vijana wanaoongezeka wapewe nafasi huko, kwa mikopo ileile, na fedha ziende huko. Mlimani iwasomeshe wachache zaidi wa shahada ya kwanza na wengi zaidi wa umahiri na uzamivu, hasa wahadhiri wa vyuo hivyo vingine ambao sasa wanafundisha bila nafasi ya kumaliza masomo. Nitaambiwa huku ni kurudisha chuo cha wateule. Hofu hiyo naielewa, na ingekuwa sahihi kama nafasi hizo zingefutwa. Zikihamishwa pamoja na fedha zake, kijana wa Kibondo hapotezi kiti, na anapata mwalimu aliyeandaliwa.

Jambo hili haliwezi kungoja kwa sababu ujenzi unaendelea. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021, ambao umegawanywa kwa taasisi nyingi, chuo kinajenga majengo mapya, zikiwemo kampasi za Lindi na Kagera. Lindi kuna korosho, ufuta na gesi baharini. Kagera kuna kahawa, migomba iliyoshambuliwa na mnyauko, na Ziwa Viktoria. Maeneo yote mawili yana maswali ya kutosha vizazi viwili vya watafiti. Kabla ya kutangaza idadi ya wanafunzi kampasi hizo zitakazodahili, chuo kitangaze mambo matatu: ni wahadhiri wangapi wataishi huko kwa kudumu, kila mmoja atabebeshwa vitabu vingapi vya mtihani kwa muhula, na kila mwaka kuna shilingi ngapi za ndani kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kuushughulikia mnyauko hadi apate jibu.